Kisima cha Zahanati na Mjomba wa Taasisi

3 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Mimi ni mzima kama chuma, ila kazi zimenielemea. Ukiona taasisi hii inatibu watu, inapanda miti kwenye kingo za mito na kuwalipa wapiga ngoma na waigizaji, jua nyuma yake yuko mjomba wako. Nikikohoa, ghorofa mbili zinanyamaza. Juzi walikuwa wanabishana, fedha ziende kwenye dawa au kwenye miti. Nikawaambia, "Ninyi! Miti ikiisha mto unafurika, mto ukifurika watu wanaharisha. Hapo mnagombania nini?" Mama Mkurugenzi akaandika.

Nasikia unajaza maombi ili taasisi iwajengee kisima kipya hapo zahanati. Wewe muuguzi mzima, unahangaika na makaratasi na mjomba wako yupo? Makaratasi ni ya watu wasio na mtu ndani. Yaweke kabatini. Nitalisema kwa mdomo, tukinywa chai.

Mjomba wako

12 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi kusikia u mzima, ingawa hicho kikohozi cha ghorofa mbili kimenitia wasiwasi. Sisi tunasukuma siku. Mvua za siku hizi hazina adabu: maji ya mtaroni yameingia tena kisimani, na hicho ndicho tunachonywea, ndicho tunachoogeshea watoto wanaozaliwa. Wanaoharisha tunawalaza wawili wawili kitandani.

Maombi yalikuwa tayari, na mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi huu. Mama anasema nisikusikilize, eti tangu utotoni kuku wako walikuwa wakitaga mayai yaliyokwisha kuchemka. Lakini mjomba ni mjomba. Nimeyaweka kabatini. Niambie kweli, umelisema?

Mpwa wako

20 Februari

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa huyo dada yangu mwenye ulimi. Mwambie kuku wale walikuwa wanalala karibu na jiko.

Limekwisha! Nilimkuta Mama Mkurugenzi kwenye ngazi, nikamweleza habari za kisima chenu mpaka akashika ukuta. "Jamani, mbona hukuniambia mapema?" Wewe chagua rangi ya tangi tu.

Mjomba wako

16 Machi

Shikamoo.

Nilipiga simu kwenye taasisi. Aliyepokea alikuwa mpole. Alisema mlango wa maombi umefungwa mpaka mwakani, na zahanati yetu hawaijui. Nikamtaja mjomba wangu wa ghorofani. Nikawasikia wakiulizana, "Nani huyo? Wewe unamjua?" Hakuna aliyekujua.

Mtoto wa fundi cherehani wa jirani, yule anayenishonea sare, amepelekwa hospitali kubwa. Amekaukiwa maji, hafumbui macho. Alikunywa maji ya kisima chetu.

Usiniandikie tena mpaka uwe na neno moja la kweli.

Mpwa wako

9 Aprili

Mpwa wangu,

Sijui kama utaifungua barua hii. Mtoto wa fundi anaendeleaje? Hilo nimeliuliza kwanza. Afya yangu iache.

Mama Mkurugenzi sikuwa nimewahi kuongea naye. Ngazi ipo kweli. Siku ile nilikwenda kwa ajili ya kisima chako, yeye akawa anapanda na watu wake, mimi nikabanana na ukuta nikampisha. Nikajiambia atashuka. Alishukia mlango mwingine.

Jumamosi alikuja kwenye uwanja wa shule kutazama mchezo wetu, ule wa kuwafundisha watoto kunawa mikono, ambao taasisi yake ndiyo inaulipia. Ulipokwisha nikamfuata pale pale kwenye kiti cha mbele. Nikasema, "Mama, kuna zahanati." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yeye naye akacheka na kupiga makofi, akidhani mchezo unaendelea. Nikaendelea. Nikamwambia kisima, mtaro, wagonjwa wawili wawili kitandani, mtoto wa fundi, na maombi yaliyolala kabatini kwa sababu ya mdomo wangu. Watoto walikuwa bado wanacheka. Yeye aliacha.

"Haya yamo kwenye mchezo?"

"Hayamo, mama."

Hakuahidi kitu, nisikudanganye. Alisema mtu wao wa maji atapita kwenu Jumanne, aangalie kwanza, mengine hajui. Mtolee yale maombi, na umwonyeshe kisima kabla hujamkaribisha chai. Dada yangu mwambie alikuwa na haki kuhusu mayai.

Najua utauliza kwa nini walicheka. Kazi yangu hujawahi kuniuliza sawasawa, nami nilikuwa nashukuru. Mpwa wangu, kwenye ule mchezo mimi ni nzi. Nina mabawa ya nailoni, na macho yangu ni vichujio viwili vya chai. Yote yale nilimwambia Mama Mkurugenzi nikiwa nimeyavaa, kwa sababu kile kichwa kinafungwa kwa nyuma na siwezi kukivua mwenyewe.

Tena si yule nzi mkubwa anayeimba. Mimi ni nzi wa pili.

Mjomba wako