Taa ya Nyuma Uliyotuma kwa Treni

S.L.P. 41,
Kitale.
17 Juni 1956

Mpendwa shemeji yangu Jotham,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana wetu. U hali gani huko Nairobi, wewe na dada Wilkista? Kile kifua kilichokuwa kinakubana asubuhi kimekuachilia? Usiache kunywa maji ya moto. Baridi ya huko naijua, na wewe hupendi kuvaa sweta.

Sisi huku mvua imetunyeshea vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na Mungu hajatusahau. Usiogope ukiona barua ndefu. Ni barua ya shukrani, isome polepole.

Mzigo wako ulifika stesheni siku ya Alhamisi, tarehe saba. Taa ilikuwa nzima, kioo chake chekundu hakina hata ufa. Ahsante, shemeji. Wewe ulidhani umetuma kipuri cha gari, lakini ngoja nikueleze ulituma nini.

Unajua fahali wa jirani aliivunja ile taa ya zamani, na askari wa barabarani akaniambia pikapu isitoke tena mpaka taa ya nyuma iwake, na breki ikikanyagwa iwake zaidi. Nanyama dada yako naye, siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia. Yule daktari wa hospitali ya Lugulu, aliyemhudumia tulipompoteza yule mtoto wa kwanza, alikuwa ametuonya ati safari hii asizalie nyumbani hata kidogo, tumpeleke kwake uchungu ukianza tu. Na wiki hiyo basi la Bungoma lilikuwa limeharibika. Kwa hiyo ilikuwa ni pikapu au hakuna. Nilikuwa nikiomba hata nikitembea njiani.

Ijumaa jioni nikaanza kazi. Nilitoa waya wa betri kwanza, kama ulivyonifundisha. Nikafungua skrubu za ile taa iliyovunjika, na kabla sijakata waya nikafunga uzi mweusi wa Nanyama kwenye waya wa breki, nisije nikauchanganya na ule wa taa ndogo. Nikafunga taa yako, nikarudisha betri. Ilikaa vizuri sana, maana mahali fahali alipogonga nilikuwa nimeshapanyoosha na kupapaka rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka milango ya kanisa. Nilitaka askari akiona ajue huyu ni mtu anayetunza mali.

Shida ikaja kwa kujaribu. Mguu wangu uko kwenye breki, macho yangu yataonaje nyuma, na turubai imefunika? Niliweka jiwe juu ya breki, likateleza. Nyumbani alikuwapo Nanyama, ambaye hawezi kusimama, na mama yenu, aliyekuja kumtunza na analala jikoni. Na mimi na mama, wewe wajua mila yetu ya mkwe na mama mkwe. Hatujawahi kusalimiana kwa mkono, hatutazamani, hatusemezani. Sisi wa kanisani twajua hakuna dhambi, lakini heshima ni heshima.

Basi mama akafikiri jambo ambalo mimi nisingelifikiri. Alitoka jikoni, akasimama akiipa gari mgongo na kutazama ule ukuta uliopakwa chokaa, ambao taa iliuelekea. Kisha akasema na ndama aliyefungwa hapo, kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Wewe ndama, mwambie mwenye gari akanyage."

Nikakanyaga.

"Ndama, mwambie ukuta bado ni mweupe."

Nanyama akaita kutoka kitandani, "Mama, si huyo ndama alinunuliwa kwa Wanandi! Kibukusu chetu atakijulia wapi?"

"Nyamaza wewe, tuko kazini," mama akamjibu.

Nikaitoa taa tena, nikatazama glopu, ni nzima, nikairudisha. Nikawasha taa ndogo, hakuna. Jotham, wakati ule nilisikia Nanyama hacheki tena. Anaguna. Uchungu ulikuwa umeanza.

Nikaiacha taa ndogo imewashwa, nikazunguka nyuma kukaza skrubu, mama naye akageuza uso upande, jicho moja likibaki ukutani. Nikizungusha bisibisi nikamsikia, "Ndama! Ukuta umekonyeza!" Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyoniambia tulipotengeneza honi, kwamba chuma lazima kiguse chuma ndipo umeme upite. Rangi yangu ya kanisa ndiyo ilikuwa imezuia! Nilichukua kisu nikakwangua yote iliyokuwa chini ya taa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga upya, nikarukia breki.

"Ndama! Mwambie ukuta umeiva kama nyanya! Mwambie aache kukanyaga, alete gari mlangoni!"

Tukamlaza Nanyama mbele. Mama akapanda nyuma, akashusha turubai katikati yetu, na njia yote nilisikia zaburi zake zikitoka huko. Kabla ya Kamukuywa tulimkuta askari yule yule. Akazunguka nyuma, akaniambia nikanyage, nikakanyaga. Akasema, "Pita, mzee, Mungu awatangulie."

Daktari alisema mtoto alikuwa amekaa vibaya, na kwamba nyumbani tungewapoteza wote wawili. Asubuhi alizaliwa msichana, mzima, na sauti yake ni ya kuita ng'ombe. Sasa tumerudi nyumbani, dada yako anakula uji na ananicheka kwa mambo ya ndama. Nilipiga magoti pale nje ya wodi, nikashindwa kusema neno lolote ila ahsante, na katika ile ahsante nilikutaja wewe kwa jina.

Msalimie sana dada Wilkista. Mzee Khaemba na mama Nasambu wa kanisani wanakusalimu. Bwana akulinde kazini, mikono yako isiumie kwenye vyuma vya watu, na akulipe kwa namna ambayo mimi siwezi.

Sasa liko neno moja. Jana mama alimwambia Nanyama, na Nanyama akaniambia, kwamba mtoto akiisha kutolewa nje mara ya kwanza, yeye anataka mimi na yeye tusalimiane kwa mkono, yaishe. Mimi nimekubali, na blanketi la kumpa, kama desturi ilivyo, ninalo. Lakini wewe ndiwe mwanaume wa nyumba yake, na wazee wanasema haliwezi kufanyika bila wewe kuwapo, au kutoa ruhusa kwa barua ya mkono wako mwenyewe. Kila asubuhi mama ananiwekea chai kwenye jiwe, anarudi jikoni, ndipo mimi natoka kuichukua, na moyo wangu hautaki iwe hivyo tena. Tafadhali nijibu upesi.

Mimi shemeji yako nikupendaye,
Eliakim Mukhisa