Gauni la Kijani

Mocímboa da Praia

Kwako mume wangu Jamaldine, huko dagoni Rongui, kambini kwa wavuvi,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima. Bata ametaga, na paa la jiko halivuji tena.

Juzi sokoni walifungua belo jipya la mitumba, nami nikawahi mbele. Nikaona gauni la kijani, halina doa wala tundu. Mke wako mdogo, Nazira, alikuwa ameshalinyooshea mkono. Nikalivuta kabla hajalishika, nikalibana kwapani, na unajua sokoni kwetu nguo ikishabanwa kwapani haigombewi tena. Akaniambia taratibu, "Dada Nafisa, niachie hilo, nina haja nalo." Nikamcheka. Nikarudi nyumbani kwa maringo kama bibi harusi.

Nilipolivaa, mabegani lilinikaa sawasawa. Lakini mbele lina marinda mapana, ya kuachia tumbo likue. Ndipo nikaielewa haja yake.

Miaka tisa nanunua magauni ya kubana kiuno, Jamaldine, nawe hukuniambia neno juu ya hali ya mwenzangu.

Nimelifua, nimelikunja. Njoo umpelekee mwenyewe, na mimi uniambie kwa mdomo wako ni mimba ya miezi mingapi.

Mkeo wa kwanza,
Nafisa