Gari la Mzee Murdo

Jumamosi, 8 Februari 2025

Naandika nikiwa ndani ya gari, karibu na mpaka wa Scotland na England. Tunachaji. Tena. Barnabas yuko nje anaitazama ile mashine kama mtu anayelinda maziwa yasifurike.

Gari ni letu. Nalipenda, ingawa sitamwambia bado. La buluu, dogo, safi mpaka chini ya viti. Nililihitaji la kazi — nesi wa kuzunguka majumbani hawezi kungoja basi na mkoba wa dawa begani. Birmingham magari yamejaa. Lakini Barnabas, mume wangu, ametazama video usiku na mchana, akafikia uamuzi kwamba gari zuri la umeme lazima litoke Perth. Kwa nini Perth? Lina mwenyewe mmoja tu tangu likiwa jipya, alisema. Halijatembea sana. Basi tukapanda treni.

Mwenyewe ni mzee anaitwa Murdo. Mrefu, kofia ya sufu, maneno machache. Gari lilikuwa la mkewe, Elspeth. Alifariki mwaka jana. Mzee alitupa chai na biskuti, akanionyesha kila kitufe polepole, mimi, si Barnabas. Tulipoondoka hakupunga mkono. Alisimama getini, mikono mfukoni. Nilimwangalia kwenye kioo mpaka tukapinda kona.

Barnabas amezima hita ili betri ifike mbali. Nimejifunga leso mbili juu ya koti. Nikimwambia miguu imekufa ganzi, ananijibu kwamba tumebakisha umbali mzuri sana. Umbali hauvaliwi kama soksi, Baba Ndinda.

Jumapili, 9 Februari

Tumefika Kingstanding, mtaani kwetu Birmingham, jana jioni, hai. Mimi sikwenda kanisani, mgongo umekataa. Barnabas alikwenda, na si kwa ajili ya sala peke yake. Ndinda, binti yetu, anasema aliliegesha gari mbele kabisa ya mlango, hata waimbaji wakapita ubavuubavu.

Djo, yule ndugu wa Bukavu anayeendesha teksi, alizunguka gari mara mbili, akauliza, "Papa Ndinda, sasa moteri iko wapi?" Barnabas akafungua boneti akaeleza habari za injini kwa kirefu. Sasa hivi yuko sebuleni anasoma kitabu cha gari. Anatafuta moteri iko wapi.

Jumatano, 12 Februari

Jambo la ajabu. Barafu imeganda mtaa mzima. Majirani wote nje wanakwangua vioo, pua nyekundu. Mimi nafika kwa gari langu — kioo kimekauka, kiti kina joto, usukani una joto. Kama kuingia kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Labda magari ya umeme ndivyo yalivyo. Sikuuliza. Nilipita katikati ya majirani taratibu kama bibi harusi.

Ijumaa, 14 Februari

Leo tena joto. Na jana pia. Ndipo nikatazama tarehe, siku ya wapendanao, nikaelewa.

Barnabas! Mtu ambaye kadi ya mwisho kuniletea ilikuwa ya kliniki ya macho. Kumbe anaamka mapema, analiwasha gari kwa simu ili nisipate baridi, halafu anajifanya amelala. Nilikaa garini nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

Nikitoka kazini nilipitia dukani. Nimepika muthokoi wa mahindi na maharagwe, na kuku, na mboga alizozipenda kwa mama yake. Nikamwambia mbele ya Ndinda: asante kwa gari, Baba Ndinda. Nimeliona pendo lako.

Alitazama sahani ya kuku. Kisha akasema, "Ni jambo dogo tu." Akaomba mchuzi zaidi.

Jumanne, 18 Februari

Barnabas yuko Manchester tangu jana, mafunzo ya kazi. Asubuhi gari lina joto. Nikasema moyoni, hata akiwa mbali! Nikarudi ndani kumpigia nimshukuru. Simu ikalia jikoni, juu ya friji.

"Dad's phone is literally here, Mum," Ndinda akasema, bila kuinua macho kwenye uji wake.

Jioni Barnabas alinipigia kwa simu ya mwenzake. Nilimwuliza kwa upole sana amewasha gari kwa kitu gani, kwa imani? Akaita halo, halo. Halafu akasema laini ni mbaya, hanisikii vizuri. Mimi nilimsikia vizuri mno. Muthokoi niliousimamia jikoni saa tatu nzima umeliwa na mtu asiye na hatia yoyote ya mapenzi.

Nimecheka mpaka machozi. Kisha nikaacha. Kama si yeye, ni nani?

Alhamisi, 20 Februari

Siku mbaya. Nilikuwa Erdington kwa mgonjwa wangu wa kwanza. Hapa siandiki majina. Huyu ni Bibi wa Paka. Nikamfunga kidonda, nikatoka, gari limekufa. Si kwamba limeisha chaji — limekufa. Mlango haufunguki, taa hakuna. Na Mzee wa Kriketi ananingoja na sindano yake ya insulini, hawezi kula kabla sijafika. Anaishi peke yake, macho hayaoni vizuri. Akichoka kungoja atakula tu.

Nilimpigia Djo. Alikuja na teksi yake upesi, Mungu ambariki. Njiani hakunichokoza, mpaka alipoona nimetulia.

"Mama Ndinda, ile motokari yenu iko na kichwa nguvu. Bwana yako aliisomea kitabu yote?"

"Amefika katikati."

"Bon. Kumbe inakufia katikati."

Mzee wa Kriketi alikuwa ameshika kijiko tayari, bakuli la uji mbele yake. Nilimdunga kabla hajautia mdomoni. Hakujua nilivyohangaika. Alinieleza mambo ya mechi na mimi nikaitikia.

Wengine wote niliwafikia kwa kuchelewa. Msimamizi ameandika kila dakika niliyochelewa.

Jumamosi, 22 Februari

Gereji ya hapa karibu ilikataa. Fundi alizunguka gari mikono nyuma kama mtu aliyeko makumbusho, akasema umeme wa namna hiyo hataki kuuzoea. Tukalipeleka likivutwa kwa Gurmeet, fundi wa magari ya umeme, Handsworth. Mwanamke wa makamo, glavu za mpira hadi kwenye viwiko, anakunywa chai yenye rangi ya tofali.

Barnabas alimweleza ugonjwa wa betri kubwa, jinsi zinavyozeeka, jinsi baridi inavyozila. Gurmeet alimsikiliza mpaka mwisho, hata akakubaliana naye sehemu mbili tatu. Kisha akasema betri kubwa ni nzima kabisa. Iliyokufa ni ile ndogo ya kawaida, inayofungua milango na kuamsha gari.

Lakini kwa nini ife? Ilikuwa bado mpya. Akachomeka kompyuta yake. Akasoma mara mbili. Akaniita mimi nione.

Kuna mtu analiita gari. Kwa simu. Asubuhi kuliwasha hita, na halafu mchana kutwa, kuuliza tu: uko wapi? Kila likiulizwa linaamka, linajibu, linalala. Betri ndogo imechoka kuamshwa. Mwenyewe wa zamani hakufutwa kwenye kumbukumbu za gari, Gurmeet alisema. Jina lake bado limo. Akaniuliza kama namfahamu mtu anaitwa Murdo.

Barnabas aliweka kikombe chini.

Njiani aliendesha Barnabas. Nilikuwa nahesabu moyoni milango. Bibi wa Paka. Mzee wa Kriketi. Yule dada aliyemkimbia mumewe na hataki mtu ajue anapolala. Kila nilipoegesha, mtu fulani Perth ameona. Na nyumbani kwetu. Na shule ya Ndinda.

Barnabas anataka kumfuta leo hii. Gurmeet amemwandikia namna: unaingia kwenye skrini, unabonyeza, basi. Nimemwambia angoje, nataka nimsikie mzee huyo kwanza. Akaniuliza mimi ni nesi wake? Nikaenda kuweka chai. Kwa mara ya kwanza tangu tununue gari, Barnabas ana hoja.

Jumapili, 23 Februari

Nimempigia Murdo baada ya ibada. Barnabas kando yangu, mikono kifuani, sura ya askari.

Niliuliza moja kwa moja: wewe ndiye unayewasha gari langu? Upande wa pili kikombe kikagonga meza. Kisha sauti ikasema, "Oh, Mama." Si mama kwa maana yetu — alisema ma'am, lile neno la heshima la kwao, lakini mimi nililisikia hivyo.

Elspeth alikuwa anakwenda kusafishwa damu hospitali asubuhi na mapema. Baridi ilikuwa inamuumiza mifupa. Kwa hiyo mzee akiamka, kabla ya chai, kabla ya miwani, analiwasha gari kwa simu ili mkewe alikute na joto. Miaka. Mkewe alipofariki, yeye aliendelea. Alipoliuza, asubuhi iliyofuata mkono ukafanya wenyewe. Akaona limekubali. Akajiambia, huyu naye ni mwanamke, huko nako kuna baridi.

Na ramani? Nikamuuliza. Maana hilo ndilo linaloniumiza.

Hapo aligugumia. Alisema nyumba ina kimya. Alipenda kuona linatembea. Linasimama dakika chache, linaondoka, linasimama tena. Alidhani napeleka piza. Barnabas alikohoa kuficha kicheko, akashindwa.

Nikamwambia mimi ni nesi, na milango ile ni ya wagonjwa, na amefanya jambo baya. Nilimwambia hivyo hivyo, sikupaka asali. Na kwamba ni yeye aliyeua betri siku ya Alhamisi, na mtu mmoja nusura aumie. Alisema Alhamisi aliliona limesimama mahali pamoja saa nyingi, akahangaika, hakujua ampigie nani.

Aliomba msamaha. Si ule wa haraka. Kisha akasema hajui kujifuta. Mjukuu wake ndiye aliyeweka yale mambo kwenye simu, na anakuja Jumamosi. Ramani hataigusa tena, ameapa kwa kaburi la mkewe. Kisha, taratibu: je, hadi Jumamosi, hita tu? Asubuhi, mara moja?

Nilimtazama Barnabas. Barnabas akatazama dari.

Nimesema ndiyo. Na leo jioni msimamizi nimemweleza kila kitu kwa simu. Alikuwa mkali, na ana haki. Nimeagizwa gari la buluu lisifike kwa mgonjwa yeyote mpaka jina la mzee litoke. Kwa hiyo wiki hii naliegesha kituoni kwetu, nazunguka na gari la kazi linalonuka chipsi za mtu.

Jumanne, 25 Februari

Joto jana. Joto leo.

Gurmeet ameuliza kwa ujumbe kama betri mpya aliyoiweka inatulia. Inatulia. Mzee hachungulii. Ameshika neno lake.

Barnabas ameanza kuuliza, akijifanya hajali: mzee amewasha leo? Nikisema ndiyo, anaendelea na chai yake. Leo alisema, bila kuulizwa, kwamba kuamka kila siku kabla ya mkeo ni kazi, si mchezo. Nikamwambia hata kudai umeamka ni kazi, hasa ukila kuku juu yake. Ndinda alitoka mezani kwenda kucheka bafuni.

Alhamisi, 27 Februari

Gari ni baridi.

Barafu kwenye vioo vyote, hata ndani kidogo. Nimeingia nimeketi. Kwanza nilidhani mjukuu amewahi kuja. Nikafungua skrini. Jina la mzee bado limo. Betri nzima, mtandao upo, kila kitu kinawaka. Hakuna aliyeliita.

Nimempigia. Imeita mpaka ikakatika.

Labda amechoka. Labda ameona aibu. Lakini jana aliwasha, na juzi. Mtu asiyetafuta miwani kabla ya kufanya jambo hilo — leo amelisahau? Nimewaona wazee wengi wanaoishi peke yao. Najua saa zile mtu anapoanguka: akitoka kitandani, kabla ya chai.

Barnabas ametoka na kandambili na joho la kulalia, jagi la maji ya vuguvugu mkononi kwa ajili ya kioo. Alipoona uso wangu hakumwaga. Aliweka jagi juu ya ukuta, akaingia upande wa pili. Nikamweleza.

"Jirani yake anaitwa nani?"

Hatujui. Tulikunywa chai yake na kula biskuti zake na hatukuuliza.

Anatafuta kwenye simu yake namba ya polisi wa Perth, wale wanaoweza kwenda kubisha mlango. Ananiambia niongee mimi, wakisikia ni nesi watanyanyuka. Mikono yake imekuwa ya zambarau. Nikanyoosha mkono niwashe hita, angalau sisi tusigande, akanishika kifundo cha mkono.

"Usiguse hapo. Usije ukambonyeza akatoka."

"Hita haimtoi mtu, Baba Ndinda."

"Acha hivyo hivyo. Akiamka atalitafuta."

Kwa hiyo tumekaa, pumzi zetu zinaonekana, na naandika kwa vidole visivyonisikia. Napaswa kuwa njiani. Nimemwomba mwenzangu ampitie Mzee wa Kriketi. Barnabas amepata namba, ameandika kwenye kiganja, lakini anasema kwanza nimpigie mzee mara moja tena, labda alikuwa bafuni.

Inaita.