Kabla Hujaenda Sinemani

Shubra, Cairo
17 Februari 1963

Kwako dada yangu Ratiba,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa nimefunga, mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Hali yako vipi, na funga inakwendaje? Goti linakuacha usimame kwenye tarawehe, au bado unasali umekaa? Na Widad, mpwa wangu, masomo yanampendeza? Nasikia karibu anakupita kimo. Ukoo wetu huu, dada, hatujui kukua kidogo. Nisalimie jirani zetu wote wa mtaa wa wafumaji, hasa Mama Shafika, umwambie kikohozi chake nakiombea dua.

Barua yako niliipata Jumatatu, nami nimeisoma mara nne. Unasema mabango yameshabandikwa huko Mahalla, uso wangu uko ukutani kando ya duka la dawa, mkubwa kuliko dirisha, na siku ya pili ya Idi utakwenda sinemani na Widad na nusu ya mtaa. Umeandika, "Hatimaye tutamwona Metwalli wetu akilia badala ya kupigwa." Nilicheka. Kisha nikaisoma tena mpaka adhana ya magharibi, na futari ikapoa mezani. Ndiyo maana naandika leo, na ndiyo maana barua itakuwa ndefu. Nivumilie.

Nilikotoka unakujua, maana ni wewe uliyenilea baada ya mama kufariki. Nilikuwa nabeba marobota ya pamba kiwandani, na Sabri, mumeo, ndiye aliyeiona mikono yangu kabla ya mtu yeyote. Unakumbuka alipokwenda kumwomba Baba ruhusa nijifunze ngumi? Baba akamwuliza, "Mnataka kumvunja pua kijana wangu afanane na nani?" Sabri akajibu, "Mzee, pua yenyewe ilizaliwa imevunjika, hatupotezi kitu." Baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka mpaka akatoa leso.

Tukaja Cairo pamoja kwa Usta Girgis, kocha wetu, Mungu amrehemu. Ukumbi wake ulikuwa chini ya tanuri la mkate, na joto lake lilikuwa la kumpikia mtu humo humo. Hapakuwa na bondia mwingine wa uzito wangu wa kufanya naye mazoezi, basi Sabri akajitolea. Hakuwa bondia. Alikuwa mfumaji mwenye kifua kipana na moyo mpana zaidi. Kutwa alipokea ngumi zangu akinitania, "Hiyo umepiga au umenipangusa jasho?" Kila Alhamisi akapanda treni kurudi kwako. Nilipokuwa bingwa wa uzito wa juu wa nchi nzima, watu walinibeba mimi mabegani, naye akatembea nyuma amebeba viatu vyangu.

Kisha Sabri akafa, majira ya kuchipua ya mwaka ule, Widad akiwa tumboni, wewe una miaka ishirini na sita. Nami sikupanda tena ulingoni. Watu wa Shubra walisema Fahali, kama walivyoniita ulingoni, amevunjika moyo. Wewe mwenyewe uliwaambia waliokuja matangani kwamba ndugu yako alimpenda mumeo hata akazitupa glavu kwa ajili yake. Nilikuwa nimekaa pale pale mlangoni. Nilikusikia, nikanyamaza.

Mwaka mmoja baadaye mwongozaji wa filamu, Ustadh Rauf, alinikuta mkahawani nacheza dhumna. Akaniambia simama, nikasimama. Akaniambia geuka, nikageuka. Akawaambia wenzake, "Uso huu ukiingia mlangoni, watazamaji watashika pochi zao." Ndivyo nilivyoanza. Nimecheza filamu ishirini na tisa, dada. Nimekuwa mlinzi wa jambazi, mlevi wa bandarini, mnyongaji wa sultani. Na katika zote lazima nipigwe na Samih Lutfi, kipenzi cha wasichana, ambaye kifundo cha mkono wake nakizungushia vidole viwili vikakutana. Maskini, ana adabu. Kabla ya kila pigo hunong'ona, "Samahani, bingwa, nakupiga sasa," nami naenda chini kama gunia.

Wanawake wa sokoni hawaniachi nipumue. Muuza maharage ya ful wa kona hunipigia kelele barabara nzima isikie, "We Metwalli! Umepigwa tena na yule mwenye mikono kama njiti za kiberiti? Ningekuwa mkeo ningekunyima chakula!" Namjibu, "Ndiyo maana sijakuoa." Watu wanacheka, nami nacheka nao. Ulishaniuliza mara nyingi kama sioni haya, bingwa mzima kugeuzwa fuko la mazoezi la watu wembamba. Sijapata kuona haya hata siku moja. Niliipenda kazi hii kwa sababu mtu anarusha ngumi na ngumi haimfikii mwenzake, na kila aliyeanguka anainuka, anajipangusa vumbi, anaomba sigara.

Sasa nije kwenye filamu hii. Ustadh Rauf alinipa nafasi ya mchukuzi wa mizigo anayempiga nduguye ngumi moja kwa jambo dogo, naye ndugu akafa. Niliposoma niliikataa. Alinifuata nyumbani mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Metwalli, umeanguka chini miaka kumi, nipe siku moja ya kubaki umesimama." Nikakubali, sijui kwa nini. Labda nilichoka.

Tulipofika pale ndugu anapokufa, maneno niliyoandikiwa hayakutoka. Nilimpakata yule mwigizaji, nikamlegeza mkanda, nikamlowesha midomo kwa vidole, na nikamwambia, "Chai inakuja, ndugu yangu. Inakuja sasa hivi." Hakuna aliyekuwa ameniandikia hivyo. Nikalia mpaka kamera ikasimama, na ilipokwisha kusimama nikaendelea. Mafundi wa taa walivua kofia. Ustadh Rauf alinikumbatia akisema hajapata kuona uigizaji wa namna ile. Magazeti nayo yamesema hivyo hivyo, nawe umeyakata na kuyahifadhi.

Dada, sikuigiza. Na Sabri hakuanguka ngazini kama ulivyoambiwa.

Ilikuwa baada ya alasiri. Sabri alinyanyua mkono, akasema, "Basi, Metwalli, tuache. Kichwa kinaniuma tangu asubuhi." Nami nilikuwa na pambano wiki iliyofuata, kiburi kimenijaa. Nikamwambia, "Raundi moja tu. Au mkeo amekukataza?" Akacheka, akavaa tena glavu. Nilimpiga nyuma ya sikio kwa mkono wa kulia, kwa nguvu zote, kwa sababu tu alikuwa ameshusha mikono na nafasi ilikuwepo. Aliketi sakafuni polepole kama mtu aliyechoka. Mpaka tunamfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Usta Girgis akasema tuseme ameteleza kwenye ngazi, na askari tukawaambia hivyo hivyo. Lakini usimlaumu marehemu kocha. Yeye alisema mara moja. Mimi nimesema kwa miaka kumi na moja.

Uliniuliza mara tatu kama aliacha neno. Uliniuliza makaburini, ukaniuliza siku ya arobaini, na ukaniuliza tena mwaka Widad alipoanza shule. Mara zote nilikujibu alikufa papo hapo. Niliogopa kwamba nikikupa maneno yake, utataka kujua aliyasema wapi, amelala mapajani mwa nani, na nani alimlaza pale. Kwa hiyo nikayaficha, na kitu chenyewe kilikuwa chako.

Alidhani yuko nyumbani Mahalla. Aliniuliza kama maji ya chai yamechemka, nikamwambia chai inakuja. Akafumba macho. Kisha akasema, wazi kabisa, kwa sauti yake ile ya kawaida: "Mwambie Ratiba asinisubiri. Ale, asikae na njaa na mimba ile." Hakusema tena.

Sikuombi msamaha katika barua, maana karatasi haina macho ya kutazamwa. Baada ya Idi nitakuja Mahalla. Ukitaka twende kwa askari, tutakwenda, na nitawaambia kama nilivyokuandikia hapa. Ukinifungia mlango, nitarudi nilikotoka. Ila nakuomba usiende sinemani na jirani zako, usikae gizani katikati ya watu wanaopiga makofi huku ukinitazama nikimpakata mumeo.

Umesema Widad ametundika picha yangu kando ya baba yake. Iteremshe leo, kabla hajarudi kutoka shuleni. Akiuliza, mwambie mjomba mwenyewe ndiye aliyeomba.

Mungu azipokee funga zako. Mpe Widad salamu zangu ukiona zinafaa kutolewa. Usipoona, zibaki kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Metwalli