Chozi Hayuko Hatarini

Jumatatu, 3 Machi
Nepi zimeanikwa. Maharage jikoni. Dani anaota meno, hajalala, nami sijalala. Nimechoka mpaka nywele. Lakini! Kwenye mlimao ulioegemea kona ya ukuta wa chumbani kuna kiota kinaning'inia kama soksi ya mtoto. Ndani kinda mmoja, uchi kabisa. Baba yake anang'aa kama mafuta juu ya maji. Hamingibedi, yule ndege mdogo wa kufyonza maua! Madereva wa watalii hapa Karatu wote wanamwita hivyo, mume wangu naye. Wanasema ni adimu. Kwangu!

Jumatano, 5 Machi
Jumamosi majirani watakuja kutupigia lipu kabla mvua haijala tofali za udongo. Fundi ni shemeji Paulo, mdogo wa mume wangu. Leo kaja kukagua. Mlimao akasema unakatwa, unaziba ukuta. Kuuvuta kando kwa kamba nako ni kumwaga kinda. Nimekataa. Nimemwambia huyu ni ndege adimu, analindwa na serikali. Serikali nimeiongeza mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemtumia picha Anna, nilisoma naye, sasa anaongoza watalii Ngorongoro. Kapiga simu anacheka mpaka Dani akaamka. Hamingibedi wako Amerika tu! Afrika hakuna hata mmoja. Huyu ni chozi, ukoo mwingine kabisa. Wanafanana kwa kuwa wote wanafyonza maua. Si ndugu! Bahari katikati, na kila mmoja kajipatia mdomo wake mrefu. Nimezunguka jikoni kwa furaha.
Kisha nikauliza kama ni adimu. Wala. Wamejaa tele, kidunia hayuko hatarini.
Sasa Paulo nitamwambia nini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia ukweli. Kacheka mbele ya watu.
"Kumbe hayuko hatarini! Shem, pisha, panga hili hapa."
Nikasimama mbele ya mlimao, Dani mgongoni.
"Chozi hawako hatarini. Huyu mmoja yuko. Aliyeshika panga ni wewe."
Jirani yangu Mama Theresia akaita kutoka jikoni, "Fundi, ruka hiyo kona, kande inapoa!" Wakaangua kicheko. Paulo kanuna, lakini kairuka. Nimekula sahani mbili.

Jumanne, 11 Machi
Mvua kubwa. Kona imelowa, tope linamomonyoka chumbani. Nimehamisha kitanda cha Dani. Nimemkasirikia ndege, nimejikasirikia na mimi. Kulipokucha nikachungulia. Mama chozi yupo, amelowa chapachapa, ana buibui mdomoni. Kinda ameota manyoya!
Basi. Nimepigilia turubai.

Jumapili, 16 Machi
Nimerudi kutoka kanisani, kiota kitupu, kinda ameruka. Nimeingiza kidole. Bado laini.
Nimekaa kizingitini, Dani ananyonya. Nimemwandikia Paulo: shemeji, njoo umalizie kona. Mlimao tutauvuta kwa kamba, haukatwi.
Amejibu: nilijua tu, kamba ninayo tayari.