Bima Imemfukuza Mchumba

Hatem, uko wapi? Kaa kitako kwanza. Kwetu kuna msiba, na iliyokufa ni harusi.

Unamkumbuka Yaarub, yule kijana aliyeligonga gari la dada Khawla kwa nyuma pale mtaa wa Qurum? Dada kaifurahia ajali ile kuliko Sikukuu. Zamani aliyegongwa lazima amfuate aliyemgonga, wapigiane simu, waende pamoja gereji za kule Ghala, mpaka bima ya mkosa ilipe. Dada alikuwa akizisubiri simu hizo.

Leo Yaarub kaja mwenyewe. Kanzu imepigwa pasi, mkononi sahani ya halwa!

Baba kafungua mlango. Baba, yakhe! Akamwambia, "Mwanangu, umejisumbua bure. Siku hizi aliyegongwa analipwa na bima yake mwenyewe, halafu wao watajuana na bima yako. Mimi na wewe hatuna haja ya kuonana tena."

Hatuna haja ya kuonana tena! Na anatabasamu! Kisha akafunga mlango, halwa ikabaki nje.

Nyuma ya pazia dada kafura kama andazi. "Baba, umenimaliza!" Baba hajaelewa mpaka sasa, anausifu utaratibu mpya.

Nami, kwa moyo wa huruma tuliofunzwa mimi nawe kule bwenini shuleni, nikamkimbilia Yaarub garini. "Kaka, njia imebaki moja. Kesho mchana dada anatoka chuoni Al Khoudh. Mgonge tena, lakini polepole."

Nilikuwa natania, Hatem. Wallahi natania.

Akafikiri. Akaniuliza, "Kwa nyuma tena, au ubavuni?"