Maneno Matatu Kati ya Kumi na Tano

Tata Kabeya, baba yangu wa kazi,

Kiti chako bado kiko karibu na dirisha, na mi sijathubutu kukikalia. Nakuandikia nikiwa pale pembeni, nilipokaa miaka yote uliyokuwa ukiwapima wagonjwa walioumia kichwa, nami nikiandika majibu yao.

Kuna jambo nilikuficha.

Ulipoanguka na pikipiki ulilala siku mbili bila kumtambua mtu. Kisha ukaamka, ukaomba chai, na baada ya mwezi ukarudi kazini. Kila mtu alisema umepona. Mi niliona chakula cha upande wa kushoto kinabaki kwenye sahani yako. Niliona bega lako la kushoto linavyogonga mlango. Siku moja uliniita kwa jina la dada yako.

Wewe mwenyewe ulitaka kupimwa. "Lakini ile liste ya maneno ya kupimia ni mi niliitunga," ulisema. "Najua maneno yote. Tafuta ingine." Ndiyo, tuliikusanya pamoja, kutoka Sandoa hadi Kapanga, tukiwauliza wazee majina ya vitu ambavyo hata asiyeingia darasani anavijua. Basi nikatunga orodha mpya, maneno kumi na tano. Nikakusomea mara tano. Baada ya nusu saa nikakuuliza unakumbuka yapi.

Ulisema matatu. Ukafumba macho, ukatafuta, ukarudia lile la kwanza.

"Namna gani, mutoto wangu?"

"Kumi na moja, Tata."

Ulitabasamu, Tata. Nilijiambia nitakupima tena, nitakueleza polepole. Wiki ileile ukachukua gari peke yako kwenda Lubudi kuwaona wagonjwa wetu. Waliokuwa pale barabara inapokata reli wanasema hukupunguza mwendo hata kidogo. Treni ilitokea kushoto.

Kwenye kilio mke wako, Mama Béatrice, alinishika mikono. "Asante ulimupima. Tulijua alikuwa muzima." Nikala chakula cha kilio chako bila kumwambia ukweli.

Miezi miwili baadaye alikuja Kasongo, dereva wa lori la madini. Mtu mpole, anaongea chini chini. Lori lilipinduka, kichwa chake kikagonga kioo. Nilimpima kwa orodha yako: alikumbuka maneno manne. Nikampa ile karatasi ya nyota ndogo, azikate zote kwa mstari wa kalamu. Alikata za kulia. Za kushoto hakugusa hata moja, akanirudishia karatasi akisema amemaliza.

Mkubwa wake wa kazi alikuwa amekwisha kupiga simu. Alitaka sahihi yangu tu, kwamba Kasongo anaweza kuendesha. Na Kasongo mwenyewe akaniambia, "Mama, andika tu niko muzuri. Batoto batakula nini?"

Nilimwambia arudi kesho yake. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Béatrice. Alikuwa anachambua maharage. Nilimwambia yote: yale matatu, na yale kumi na moja. Mikono yake ilisimama.

"Ulimupenda vibaya," alisema. Halafu: "Huyu mwingine, usimufanyie vile."

Kasongo aliporudi, nikaandika kwamba asiendeshe. Aliikunja karatasi bila kuisoma.

Jana asubuhi nilimwona, Tata. Lori limejaa hadi juu, yeye kwenye usukani. Kuna mtu mahali fulani amempa karatasi nyingine. Wanafunzi walikuwa wanavuka barabara kutoka kushoto. Hakugeuza kichwa. Waliruka mtaroni, kiatu cha mmoja kikabaki kwenye lami, na lori likakipita juu. Kasongo aliendelea na safari. Nadhani mpaka sasa hajui kwamba kulikuwa na watoto.

Nimepiga simu kwa mkubwa wake mara tatu. Hapokei tena.

Sasa naenda nyumbani kwa Kasongo. Nitaweka ile karatasi ya nyota mezani, mke wake aione kwa macho yake, aone nusu nzima iliyoachwa. Wakinifukuza, nitarudi kesho na keshokutwa. Nakuahidi hilo, na nakuahidi kwamba mtu akinipa maneno matatu, nitaandika matatu.

Ungenielekeza la kufanya, lakini mtu pekee wa kuuliza ndiye niliyemdanganya. Nisamehe. Kaa na amani huko uliko, Tata. Mi natoka, malori ya asubuhi yameanza kupita.

Mutoto wako wa kazi,
Odette